Taa za mtaa: kabla ya kuuliza bei ya nguzo, ulizeni nani ataweka umeme

Juzi nimeitwa tena kwenye mtaa mmoja wa mlimani hapa Mwanza, wananchi wanataka taa za barabarani, na swali la kwanza ni lile lile, injinia, nguzo moja na taa yake shilingi ngapi? Mimi kazi yangu ni umeme na nimepigia mahesabu mitaa mingi, na siku zote nawaomba watu tuanzie mbali kidogo, yaani mwezi wa kumi na mbili tangu taa ziwashwe, nani ananunua umeme?

Kuna mtaa upande wa Ilemela walichanga sawa kwa sawa kila nyumba, taa zikawaka, wamama wa dagaa wakahamishia meza zao chini ya nguzo, watu walifurahi kwakweli. Mita ya LUKU, ile ya kununua umeme kabla ya kutumia, ikafungwa ukutani kwa mjumbe. Miezi michache baadae napita usiku, giza totoro. Nikaenda kuchungulia mita, imeandika 0.00 na kale kataa kekundu kanawaka, mjumbe akaniambia baba nimeshaweka hela ya mfukoni mara tatu, nimeshindwa. Iliniuma sana, maana nguzo ni nzima, taa ni nzima, waya mzima.

Sasa tupige hesabu. Chukua barabara ya mita 600, taa kila baada ya mita 30, hizo ni taa 20 za LED za wati 60. Kwetu huku usiku ni masaa 12 mwaka mzima, kwahiyo taa moja inakula uniti 0.72 kwa usiku, kwa mwezi kama 21.6, zote 20 ni uniti 432. Kwa uniti shilingi 356 na kodi zake ndani mnapata kama 154,000 kwa mwezi. (Zile taa za zamani za njano za wati 250 zingekula zaidi ya mara nne ya hapo, msizikubali hata mkipewa bure.) Kama viwanja vinavyopakana na barabara ni 60, wastani ni kama 2,600 kwa kiwanja, ongeza elfu moja ya matengenezo, maana taa itaungua tu, na mwizi wa waya nae yupo. Sola haina bili lakini betri itakufa, nayo inataka akiba.

Ila wastani siyo haki. Wenzetu wa California wana sheria ya taa na mandhari ya mwaka 1972, wenye mali, yaani nyumba na viwanja, ndo wanachangia taa za eneo lao, na mwaka 1996 wapiga kura wakaongeza masharti: kila kiwanja kilipe kulingana na faida inayokifikia chenyewe, faida ya wapita njia wote isibebeshwe wenye viwanja, na kila mwenye mali atumiwe kura kwa posta, kura yake ina uzito kulingana na kiasi atakacholipa. Wanaopinga wakizidi kwa uzito, mchango unakufa. Mimi hiyo ya faida naipenda sana. Lakini angalieni na Los Angeles, sehemu kubwa ya michango yao iliganda miaka mingi baada ya 1996 kwasababu kupandisha lazima kura upya, huku gharama zikipanda. Kwahiyo wekeni mapema kwenye makubaliano kwamba umeme ukipanda na mchango unapanda.

Na alipe mwenye nyumba, siyo mpangaji. Tumeona kodi ya majengo ilivyowekwa kwenye LUKU mwaka 2021, 1,000 kwa mwezi, 2023 ikawa 1,500 kwa nyumba ya kawaida, ni kodi ya mwenye jengo lakini anaekatwa ni yule anaenunua umeme, wapangaji wangapi wamewahi kurudishiwa? Mwenye nyumba ndo thamani yake inapanda barabara ikiwa na mwanga. Mkutano wa mtaa unaweza kukubaliana mchango wa hiari, ila mkitaka uwe lazima inabidi sheria ndogo ya halmashauri, na nguzo kwenye hifadhi ya barabara ya mtaa ongeeni na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kabla hamjachimba shimo.

Kwenye mkutano wa juzi akasimama bibi mmoja anaishi juu kwenye mawe, akasema mwanangu, kwangu gari halifiki, nalipia nini? Usiku tukapanda nae na tochi, ngazi za mawe 41, mwanga wa nguzo ya mwisho kama ulivyo kwenye mchoro ungeishia ngazi ya tisa. Tukamwandikia robo ya mchango. Halafu wakakubaliana nguzo moja isogezwe mpaka pale ngazi zinapoanza, mwanga ufike kwenye ule mgeuko alikoangukaga, na yeye mwenyewe akasema ikisogezwa ataongeza, aandikwe nusu.