Alama za chuo wakati wa janga: yanayosemwa vijiweni na yaliyo kweli

Serikali ilipofunga vyuo Machi 2020 kwa sababu ya korona, wanafunzi wa Malimbe na Bugando, hapa Mwanza, walifungasha mabegi. Wengine walikwenda Isamilo kwa daladala, wengine wakapanda meli ya Nansio, kisiwani Ukerewe, wengine wakashuka Kigongo kusubiri kivuko cha kwenda Sengerema na Geita. Vyuo vilifunguliwa Juni 1, mitihani ikafuata, na hapo yakazaliwa maneno ambayo bado nayasikia Nyegezi, kwa wanafunzi na kwa wahadhiri pia. Ng'ambo ya ziwa, Kagera, ugonjwa wa kuambukiza wa Marburg umeshazuka mara mbili, 2023 na 2025. Hatuna sababu ya kungoja madarasa yafungwe tena ndipo tuyajadili.

Dhana: Karatasi moja, saa zilezile, chumba kimoja. Hiyo ndiyo haki.

Hii ndiyo inayoumiza wengi, kwa sababu inasikika vizuri. Karatasi moja ni lazima, lakini haitoshi. Alama inapaswa kueleza mwanafunzi anajua kiasi gani cha alichofundishwa. Sasa chukua wanafunzi wawili wa kozi moja. Mmoja alikaa Capripoint, intaneti iko nyumbani, kompyuta ni yake, na kila andiko ambalo mhadhiri alituma kwenye kundi la WhatsApp alilisoma siku hiyohiyo. Mwenzake alikuwa kisiwani Ukara. Usiku alikwenda kuvua dagaa na baba yake, maana nyumba ilihitaji hela, na bando lilinunuliwa pale ilipobaki chenji. Mhadhiri akitunga swali kutoka kwenye andiko la WhatsApp ambalo halikufundishwa darasani, anachopima ni bando. Tena anapima nani alizaliwa wapi.

Dawa yake haina gharama. Kilichotumwa wakati wa kufungwa kifundishwe upya chuo kikifunguliwa, au kisitahiniwe. Mipaka ya mtihani iandikwe na kubandikwa ubaoni mapema, ili aliyerudi kwa kuchelewa aione sawa na aliyewahi. Wapo wanaoita hilo kudekeza. Mimi naliita kazi ya mwalimu, na sioni aibu kulisisitiza.

Dhana: Tuongeze kila mtu alama tano, mambo yaishe.

Piga hesabu uone. Katika mizani ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kwa shahada nyingi za kwanza, C inaanzia 40, B 50, B+ 60 na A 70. Mwenye 38 akiongezwa tano anafika 43, amefaulu. Mwenye 55 anafika 60, anapanda hadi B+, pointi zake kwenye kozi hiyo zinatoka 3 kwenda 4. Mwenye 61 anafika 66 na kubaki palepale kwenye B+, hajapata kitu. Zawadi ni ileile, faida imegawanyika kwa bahati ya kila mmoja alikuwa karibu na mstari gani. Na GPA, yaani wastani wa pointi za kozi zote, ya 3.4 ni daraja la pili la chini, 3.5 ni la pili la juu, kwa hiyo kozi moja inaweza kuamua cheti kitasomeka vipi. Kama swali lilikuwa nje ya kilichofundishwa, lifutwe lenyewe na karatasi zote zihesabiwe upya bila hilo.

Dhana: Mashine haina ndugu, basi mashine ipange alama.

Uingereza walijaribu, kwa wanafunzi waliokuwa wakingoja kuingia chuo. Mitihani ya 2020 ilifutwa, walimu wakakadiria alama, kisha kanuni ya kompyuta ikazirekebisha kwa kutazama, pamoja na mengine, shule hiyo ilifanyaje miaka iliyopita. Matokeo yalipotoka Agosti 13, karibu asilimia 40 ya makadirio ya walimu yalikuwa yameshushwa. Kijana mwenye akili aliyesoma kwenye shule yenye historia dhaifu alibebeshwa matokeo ya waliomtangulia. Wanafunzi waliandamana, na Agosti 17 serikali ikarudi kwenye makadirio ya walimu. Kwetu, mwanafunzi aliyetoka sekondari ya kata kisiwani angekuwa wa kwanza kuumizwa na kanuni kama hiyo.

Dhana: Muhula usio na A wala B unashusha hadhi ya shahada.

Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walifanya hivyo muhula wa masika wa 2020, wanafunzi wa shahada ya kwanza wakapewa ameridhisha au hajaridhisha. Sijasikia aliyeidharau shahada yao kwa sababu hiyo.

Dhana: Speshali na sapu ni kitu kimoja.

Si kitu kimoja, na kutojua hili kumewagharimu watu. Sapu, yaani mtihani wa marudio, ni ya aliyefanya mtihani akafeli, na katika vyuo vingi hapa nchini hata ukipata 80 kwenye sapu unaandikiwa C. Mtihani maalumu, yaani speshali, ni wa ambaye hakuufanya kwa sababu iliyokubaliwa, kama ugonjwa au msiba. Huo unahesabiwa kama mara ya kwanza, na alama yako unaipata yote. Mwanafunzi mwenye homa anayejikaza kuingia chumba cha mtihani kwa kuogopa kuonekana mvivu, akafeli, amejifungia mlango wa A kwenye kozi ile, na wakati wa janga amewaweka wenzake hatarini. Kama unaumwa, nenda hospitali kabla ya mtihani, chukua cheti cha daktari chenye tarehe, andika barua kwa mkuu wa idara siku hiyohiyo, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.