Je, wajua? Maziwa ya Norfolk yalichimbwa kwa mikono

Ukipanda boti pale Wroxham, katika kaunti ya Norfolk mashariki mwa Uingereza, mto Bure unakupitisha katikati ya matete, kisha ghafla ziwa linafunguka mbele yako. Mbele kidogo, lingine. Yako mengi, Norfolk na kwa jirani yake Suffolk, na wenyeji huyaita Broads. Yalitoka wapi?

Kwa miaka mingi nilijibu bila kusita: ni maziwa ya asili. Zama za Warumi hapa palikuwa na mlango mpana wa mto unaoingia baharini, ukajaa tope, na maji yaliyosalia ndiyo haya. Nusu ya jibu hilo ni kweli. Mlango ulikuwepo, na magofu ya ngome ya Kirumi ya Burgh Castle bado yamesimama pale ulipokuwa ukingo wake. Ndiyo maana kosa hili linashika sana: limeegemea jambo la kweli. Hata mwaka 1952 mtaalamu J. N. Jennings alichapisha utafiti uliotetea asili hiyo. Lakini tazama ramani vizuri. Ziwa lililoachwa na mto ungelitarajia liwe ndani ya mto, na haya mengi yako pembeni, yameungana nao kwa mfereji mwembamba tu.

Aliyegeuza mambo ni Joyce Lambert, mtaalamu wa mimea. Alitoboa chini ya maziwa kwa chombo kinachofanya kazi kama bambo la mnunuzi wa nafaka: unalichoma kwenye gunia, linatoka na punje za ndani kabisa. Alitoboa matundu yaliyokaribiana sana, na humo ndimo siri ilimokuwa.

Fikiria mashimo ya wafyatua matofali. Wakishakata udongo, ukingo unabaki wima kama ukuta, chini panabaki sawa, na kati ya shimo la huyu na la yule huachwa kiambaza chembamba. Masika ikija, shimo linajaa. Miaka ikipita linaota magugu, na mtoto aliyezaliwa baadaye ataliita bwawa. Bwawa la asili halina umbo hilo; ukiingia unazama taratibu, kifundo, goti, kiuno. Chini ya Broads, chombo cha Lambert kiligonga udongo mkongwe karibu na uso, na hatua chache mbele kikashuka mita kadhaa katika tope laini. Ukuta wima, sakafu sawa, na viambaza vyenyewe, vingine vikiwa visiwa vyembamba vilivyonyooka. Jennings aliukubali ushahidi huo, na mwaka 1960 akashirikiana na Lambert na wengine kuuchapisha kwa ukamilifu. Namheshimu sana kwa hilo.

Kilichochimbwa ni piti, yaani mimea ya kinamasi iliyooza nusu, ambayo ikikaushwa huwaka. Rwanda na Burundi huichimba vinamasini hadi leo. Norfolk ya karne ya 12 ilikuwa na watu wengi na misitu michache, na nyumba za watawa, kama abasia ya St Benet's na ile ya kanisa kuu la Norwich, zilihitaji kuni. Makadirio ni zaidi ya mita za ujazo milioni 25, zote kwa sepetu.

Kisha bahari ikapanda. Desemba 1287 mafuriko yaliua watu wengi kijijini Hickling, na mtawa mmoja wa St Benet's aliyaandika. Si kwamba mashimo yote yalijaa usiku huo. Hesabu za mashamba ya mabwana zinaonyesha mapato ya piti yakishuka polepole katika karne ya 14, huku uvuvi ukianza kutajwa.

Ukifika, panda mnara wa kanisa la Ranworth. Ngazi ni nyembamba na mwisho kuna mlango wa kusukuma kwa kichwa. Ukitokeza juu, mashimo ya wachimbaji yamelala chini yako, yamejaa maji na matanga meupe.