Chakula cha jioni getini mwa kiwanda cha meli

Ninafundisha walezi wa vituo vya kulelea watoto mchana, na kila kozi mpya naianza kwa kuchora jengo la kituo kimoja cha watoto ubaoni. Ni la mviringo. Katikati pana uwanja wa kuchezea, na madarasa 15 yameuzunguka. Lilijengwa Portland, Oregon, mwaka 1943, Marekani ikiwa vitani.

Kampuni ya Kaiser ilikuwa ikiunda meli usiku na mchana. Wanaume wengi wakiwa jeshini, wanawake wakaingia kuchomelea vyuma. Wengi walikuwa wahamiaji mjini pale. Bibi na shangazi wa kuwaachia watoto walibaki mbali. Kaiser ikafungua vituo viwili, Swan Island na Oregonship, getini kabisa mwa viwanda. Vilifanya kazi saa 24, siku 364 kwa mwaka. Vilifungwa Krismasi tu. Wiki ya siku 6 ilikuwa dola 5 kwa mtoto wa kwanza, dola 3.75 kwa mdogo wake.

Wataalamu wa malezi ya watoto walioviongoza, Lois Meek Stolz na James Hymes, walikataa pageuke ghala la kuwekea watoto. Waliajiri walimu waliosomea kazi. Madirisha yalitazama meli, mtoto aone mama yake anafanya kazi wapi. Beseni za kuogeshea ziliinuliwa ili mlezi asiiname. Nikifika hapo wanafunzi wangu hushika viuno. Maumivu ya mgongo wanayajua.

Ila ninalolipenda zaidi ni chakula. Mama aliagiza mapema, na akitoka zamu alimchukua mtoto pamoja na mlo uliokwisha kupikwa, nyumbani ni kupasha moto tu. Mama aliyechomelea chuma kutwa nzima, kisha akafika na kuanza kumenya viazi, mtoto wake anaambulia mgongo wake tu. Waliobuni huduma ile walilijua hilo. Sisi bado tunapanga vituo kana kwamba mtoto huja peke yake na kuondoka peke yake.

Watoto 3,811 walipitia pale. Vita vilipoisha mwaka 1945 kazi za meli zilikauka, kina mama wakaachishwa kazi, na vituo vyote viwili vikafungwa. Vituo vingine nchini, vilivyoendeshwa kwa fedha za serikali kuu chini ya Sheria ya Lanham, vilikatiwa fedha mwanzoni mwa 1946. California, kina mama waliishinikiza serikali ya jimbo mpaka ikakubali kuendelea kuvilipia.