Je, wajua watunzaji wa programu huria hujuaje kifurushi kipi kinatumika?

Ukiwa unaweka Debian, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, karibu na mwisho hutokea swali ambalo wengi wetu hulipita kwa kubonyeza Enter: utapenda kushiriki katika uchunguzi wa matumizi ya vifurushi? Jibu lililowekwa tayari ni "hapana". Nilikuwa skuli moja ya Chake Chake naweka mfumo huo kwenye kompyuta 18, na 17 za mwanzo nilizipitisha hivyo hivyo. Ya mwisho ndiyo iliyonisimamisha. Huko vinakotengenezwa vifurushi hivi, nani atajua kwamba maabara hii ipo?

Kifurushi ninachokisema si cha bando. Ni programu pamoja na vitu vyake, imefungwa tayari kuwekwa. Debian ina makumi ya maelfu ya vifurushi, na wanaovitunza wengi wao wanajitolea. Kila kifurushi kinadai kazi: kuziba mianya ya usalama, kukipatanisha na vingine vilivyobadilika, kuwajibu wanaokwama. Watu hawatoshi, kwa hiyo lazima ijulikane kipi kina wenyewe na kipi kimebaki jina tu.

Swali lile la Enter ndilo chanzo kimoja cha habari hizo. Ukikubali, programu iitwayo popularity-contest hutuma mara moja kwa wiki orodha ya vifurushi vilivyomo kwenye kompyuta, bila jina lako. Tena haitazami kilichomo tu, hutazama pia faili za programu zilifunguliwa lini mara ya mwisho. Kilichofunguliwa ndani ya mwezi mmoja hivi huhesabiwa kura. Kilicholala zaidi ya hapo huandikwa kuwa kimo lakini hakitumiki. Kwa hesabu hiyo hiyo hupangwa vifurushi vya kutangulia kwenye diski ya kwanza ya Debian, na hapo ndipo linaponigusa: sisi tusio na intaneti ya kutegemewa ndio tunaoishi kwa diski ile, na waliochagua vya kuwekwa humo ni wenye intaneti.

Arch Linux, mfumo mwingine huria wa aina hiyo, wana njia yao. Vifurushi vinavyoletwa na watumiaji hupigiwa kura, na kwa mwongozo wao, kifurushi chenye kura 10, au kinachoonekana kwenye asilimia 1 ya kompyuta zinazotoa taarifa, kinafaa kupandishwa kwenye ghala rasmi, yaani hazina ya mtandaoni ambamo vifurushi hupakuliwa. Kwenye kipimo chao cha umaarufu kura haikai milele: kila siku hubaki na 0.98 ya thamani yake ya jana, hivyo baada ya siku 34 imebaki nusu. Napenda hesabu hiyo, maana mapenzi ya mwaka juzi hayathibitishi haja ya leo.

Lakini kuhesabu kuna upofu wake. Skuli ile ina intaneti ofisini kwa mwalimu mkuu tu. Nilipakua vifurushi mara moja, nikavibeba kwa flashi hadi maabara. Kwa ghala la nje sisi ni mteja mmoja. Kwangu ni kompyuta 18 na madarasa yanayopokezana viti. Kamusi ya kusahihisha tahajia ya Kiswahili, hunspell-sw, ina shida zaidi: ndani yake hamna programu ya kuendeshwa, ni orodha ya maneno na kanuni zake, kwa hiyo hata kompyuta inayotoa taarifa haiwezi kusema kama inatumika. Wanafunzi wanaweza kuandika insha kutwa, isipate kura hata moja.

Na kuna vile ambavyo hakuna anayeviomba lakini vingine vimeviegemea. Machi 2024 iligundulika kwamba ndani ya xz, programu ya kubana faili iliyotunzwa kwa miaka mingi na takriban mtu mmoja tu, kumepachikwa mlango wa siri. Mhandisi wa programu, Andres Freund, aliufuatilia kwa sababu kuingia kwenye kompyuta kulichelewa nusu sekunde hivi. Programu hiyo ilikuwa kwenye kompyuta zisizo na idadi, na wengi wa wenye kompyuta hawakuwahi kulisikia jina lake.

Ndiyo maana mtunzaji makini haishii kwenye hesabu. Huuliza vifurushi vingapi vitaanguka hiki kikiondolewa, na kama mtumiaji ana pengine pa kwenda. Mwenye duka la Darajani anayeweka utambi wa karabai haweki kwa wingi wa wateja. Anajua wavuvi wachache wanaouhitaji wakiukosa kwake usiku wao umeharibika. Kisha husoma ripoti za hitilafu, na mimi ripoti moja iliyoandikwa vizuri naithamini kuliko kura kumi: anayelalamika anatumia.

Basi kabla ya boti ya kurudi Unguja nilikwenda ofisini kwa mwalimu mkuu, kwenye kompyuta yenye intaneti, nikaandika dpkg-reconfigure popularity-contest, amri ya kuulizwa upya swali lile, nikachagua ndiyo. Mwalimu wa kompyuta nikamwachia karatasi yenye maelekezo ya kutuma ripoti: neno kama "skuli" likipigiwa mstari mwekundu, aliandike, na aseme wanafunzi wangapi wanalitumia.