Mzee na duka la simuni: maneno ya mtaani na mambo yalivyo

Taja habari ya kununua vitu kwa simu kwenye kibaraza chochote cha Kirumba au Nyakato hapa Mwanza, utasikia kambi mbili. Moja inasema hayo ni mambo ya watoto, mzee ataibiwa mchana kweupe. Nyingine, mara nyingi ya watoto wenyewe, inasema ni kazi nyepesi: "bonyeza hapa, kisha hapa, basi." Zote mbili zinakosea. Hapa mzee ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, kama Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inavyohesabu, na mambo yenyewe tunayapanga kwa jinsi yanavyosemwa.

"Simu janja ni ya vijana, mzee haiwezi"

Kinachomshinda mzee mara nyingi ni mipangilio ya kiwandani. Herufi ni ndogo, kioo kinajizima kabla hajamaliza kusoma sentensi, na menyu yote ni Kiingereza. Kwa hiyo somo la kwanza lisiwe la programu. Ingia Mipangilio, badili lugha iwe Kiswahili. Nenda sehemu ya skrini, ongeza ukubwa wa herufi mpaka mzee mwenyewe asome meseji akiwa ameshika simu anavyoishika kila siku. Aamue yeye, usimwamulie. Hapo hapo tafuta muda wa skrini kujizima, uweke dakika 2 au zaidi.

Kuna mpangilio mmoja ambao wengi hawaujui: muda wa kugusa na kushikilia, uliomo kwenye zana za ufikivu. Mzee hukawiza kidole juu ya alama, na simu hudhani anataka kuihamisha au kuifuta. Ndipo yanapokuja malalamiko ya "WhatsApp yangu imepotea". Mara nyingi haijapotea, imeburutwa ukurasa wa pili. Ukiongeza muda huo, malalamiko hupungua.

Na vidole. Kioo cha simu hutambua mguso kwa umeme kidogo unaopita kwenye ngozi. Ngozi kavu, au yenye sugu za jembe na nyavu, hupitisha kwa shida, na protekta nene huzidisha tatizo. Mzee akibonyeza mara tatu bila jibu hudhani amekosea, kisha hubonyeza kwa nguvu, jambo lisilosaidia kitu. Afute ncha ya kidole kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, au anunue kalamu ya kugusia. Tatizo linaishia hapo.

"Bila simu janja huna lako mtandaoni"

Kitochi, yaani simu ndogo ya vibonye, kinalipa karibu kila kitu ambacho simu janja inalipa. Menyu ya M-Pesa ni *150*00#, ya Mixx by Yas (iliyokuwa Tigo Pesa) ni *150*01#, ya Airtel Money ni *150*60#, ya HaloPesa ni *150*88#. Kwa menyu hizo mzee aliyeko Kisesa au Nansio ananunua umeme wa LUKU, analipa bili ya maji ya MWAUWASA na ada za serikali bila bando wala foleni.

Kinachoharibika ni muda. Menyu hizi hazimsubiri mtu anayetafuta miwani. Ukikawia, inakatika na unaanza upya. Dawa yake ni karatasi. Andika kwanza namba zote kwa herufi kubwa, uzikate makundi ya tarakimu nne nne, ndipo ufungue menyu. Namba ya mita ya LUKU ina tarakimu 11. Namba ya malipo ya serikali, ile inayoitwa kontroo namba, ina tarakimu 12 na huanza na 99. Ukipewa "namba ya serikali" inayoanza na 07 au 06, hiyo ni simu ya mtu. Tokeni ya umeme ina tarakimu 20, na meseji yake isifutwe mpaka mita ikubali.

"Mtandaoni ni utapeli mtupu", na ndugu yake: "duka lina wafuasi laki mbili, haliwezi kuwa la uongo"

Tunaziweka pamoja kwa sababu zinatoka tumbo moja: kutojua duka linapimwaje. Wafuasi hununuliwa. Kurasa za zamani huuzwa, zikabadilishwa jina na kujazwa picha za watu wengine. Hata hivyo biashara za kweli zimejaa, na Mwanza nyingi ziko Instagram na kwenye stetasi za WhatsApp kuliko kwenye maduka makubwa ya mtandaoni. Jumia, lililokuwa kubwa kuliko mengine, lilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019.

Mzee aliyezoea kuchagua mitumba Mlango Mmoja ana nusu ya ujuzi unaotakiwa. Pale hanunui bila kugeuza nguo ndani nje. Mtandaoni kugeuza kunafanyika hivi:

Omba video ya bidhaa iliyopigwa leo, pembeni yake kikiwa kikaratasi chenye jina lako. Picha nzuri kila mtu anayo. Video yenye jina lako anayo mwenye mali. Muuzaji wa kweli atalalamika kidogo kisha ataituma. Tapeli atakwambia mali iko stoo, au ataanza kukuharakisha.

Tazama maoni chini ya picha. Yakiwa yamefungwa, jiulize kwa nini. Yakiwa wazi, soma ya miezi sita iliyopita, maana ya leo yanaweza kuwa ya marafiki.

Uliza duka liko wapi, kisha mtume mtu. Hapa ndipo mji wetu unapotusaidia: akisema yuko Makoroboi au Rock City Mall, bajaji moja na kijana mmoja wanamaliza ubishi ndani ya saa moja. Akiwa Mwanza na hataki uje wala mtu wako aje, achana naye.

Angalia jina kabla ya kuweka namba ya siri. Ukilipa kwa lipa namba, jina la biashara hutokea kwenye skrini. Ukituma kwa namba ya kawaida hutokea jina la mtu. Duka linaitwa hivi, jina linatokea vile, na maelezo ni "hiyo ni laini ya dada yangu": usithibitishe.

Sasa mzigo wa Kariakoo. Mwanza na Dar es Salaam zinatenganishwa na zaidi ya kilomita 1,100 za barabara, na mizigo mingi midogo huja kwa basi. Muuzaji hutaka hela yote kabla, mnunuzi hutaka kulipa akipokea. Njia ya katikati ni kulipa sehemu, mzigo ukapakiwa, na kumalizia ukionyeshwa risiti ya ofisi ya basi. Lakini risiti hughushiwa, na namba ya "ofisi" iliyoandikwa juu yake huweza kuwa ya tapeli mwenzake. Usipige namba iliyo kwenye risiti aliyokutumia. Mtume mtu kaunta ya basi hilo, stendi ya Nyegezi au Nyamhongolo, aulize kama namba ya mzigo ipo kwenye orodha. Ukifika kuchukua, fungua mbele ya karani kabla ya kusaini. Ukishatoka mlangoni, kila mtu atasema kilivunjika mikononi mwako.

Viatu na nguo vina kosa lake. Saizi za Kichina, Kizungu na za mtumba hazilingani. Kanyaga karatasi jioni, miguu ikiwa imeshavimba ya kutwa, weka alama kisigino na kidole kirefu, pima sentimita, umuulize muuzaji urefu wa soli ya ndani. Usitaje namba ya kiatu peke yake.

Na hesabu: bei ya tangazo siyo bei ya mlangoni. Jumlisha makato ya kutuma hela, nauli ya mzigo na boda ya kutoka stendi. Kwa ndoo, sufuria na mashuka, mara nyingi soko la hapa hapa linashinda. Mtandao unalipa kwa vitu visivyopatikana mjini.

"Meseji ya hela imeingia, basi hela imeingia"

Meseji si hela. Mtu yeyote anaweza kuandika maneno yanayofanana na ya mtandao na kuyatuma kutoka namba yake. Angalia juu ya meseji: ya kweli huja kwa jina la huduma, ya uongo huja kwa namba ya simu ya kawaida. Hata ikionekana nzuri, fungua menyu uangalie salio. Kinachofuata meseji hiyo huwa ni simu: "Shikamoo mzee, nimekosea nimetuma kwako, naomba unirudishie." Usirudishe mwenyewe. Mwambie apige huduma kwa wateja, wao ndio wanaorudisha.

Shikamoo ya tapeli ina adabu kuliko ya mjukuu. Wanajua mzee hakati simu ya mtu aliyemwamkia vizuri, hivyo wanatumia heshima hiyo. "Mimi mwalimu, mwanao ameanguka shuleni, tuma hela ya hospitali" ni ile ile kwa sauti nyingine, na "ile hela tuma kwenye namba hii" inamvizia mtu ambaye kweli alikuwa na hela ya kutuma. Dawa ni moja: kata, kisha mpigie mhusika kwa namba uliyoihifadhi zamani. Mtandao wa simu humpigia mteja kwa namba 100. Anayejiita huduma kwa wateja kwa namba ya tarakimu kumi ni mwongo.

Ukiwa wewe ndiye uliyekosea kutuma, hela haijapotea palepale. Piga 100 mara moja ukiwa na kumbukumbu ya muamala. Mpokeaji akiwa hajaitoa inaweza kuzuiwa, na kila dakika unayoitumia kulaumiana nyumbani inampa yeye nafasi ya kufika kwa wakala.

"Namba ya siri aijue mjukuu, ndiye anayenisaidia"

Hili ni gumu kulisema, lakini hela nyingi za wazee hazichukuliwi na mtu wa mbali. Wakala hahitaji namba yako ya siri; unaibonyeza mwenyewe, na ukishindwa kuona, bora kukuza herufi kuliko kuitaja kwa sauti kwenye kibanda chenye watu wanne. Kama msaada wa mjukuu hauepukiki, tenganisha laini: moja ya akiba asiyoigusa, nyingine ya matumizi yenye hela ya wiki tu. Mkopo wa simu ukichukuliwa kwa laini yako, anayekatwa ni wewe. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Usiyoitambua, nenda duka la mtandao huo ikafutwe.

Namba sita zinazokuja kwa meseji na mtu anaziomba "zimekuja kwako kimakosa" ni ufunguo wa WhatsApp yako. Ukizitoa, atakopa kwa jina lako kwa ndugu wote. Weka kinga: fungua Mipangilio ya WhatsApp, Akaunti, uthibitishaji wa hatua mbili, uchague namba sita zako mwenyewe.

"Programu ikiwa Play Store ni salama"

Ni salama zaidi kuliko faili uliyotumiwa WhatsApp, ambayo usiifungue kabisa. Lakini salama zaidi si salama. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Tabia yake inajulikana: huomba ruhusa ya kusoma orodha ya majina kwenye simu, na siku ukichelewa kulipa, mchungaji, shemeji na jirani hupokea meseji za kukuaibisha. Programu ya tochi au kikokotoo ikiomba majina ya watu wako, ifute.

Zinazomfaa mzee kwa kweli ni chache, na nyingi zimo ndani ya simu tayari. Kengele ya saa ipewe jina la dawa. Kamera ikuze maandishi ya kwenye boksi la vidonge. WhatsApp impe ujumbe wa sauti, asihangaike kuandika. Mahali alipo patumwe kwa boda badala ya kueleza "pale kwenye jiwe kubwa", maana Mwanza mawe makubwa ni mengi. Mstaafu wa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, ana programu ya PSSSF Kiganjani, inayomwezesha kujihakiki kwa sura yake bila safari ya ofisini. Aifanye mchana, uso ukielekea mwanga wa dirisha. Akiwa na mwanga nyuma yake, kamera huona kivuli.

"Saa ya mkononi inapima presha na sukari"

Hakuna saa wala pete iliyothibitishwa kupima sukari ya damu bila kutoboa ngozi. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo hilo Februari 2024, na bado matangazo yake yamejaa Facebook. Mgonjwa anayechoma insulini kwa kufuata namba ya saa hiyo anahatarisha maisha. Kwa presha, nunua kipimo cha kufunga juu ya kiwiko, si cha kifundo cha mkono. Pima kwanza mzunguko wa mkono kwa utepe wa fundi: mikanda mingi ya kawaida ni ya sentimita 22 hadi 32. Mkanda mdogo kwa mkono mnene husoma presha ya juu kuliko ilivyo, na mzee anaongezewa dawa asizohitaji. Kikifika, nenda nacho kliniki, hospitali ya Sekou Toure au zahanati ya karibu, kipimwe sambamba na cha kwao.

Ukishatapeliwa, usifute kitu kwa aibu. Hifadhi meseji, namba na risiti, tuma namba ya tapeli kwenda 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kisha nenda polisi na simu yenyewe, siyo maelezo ya mdomo tu.