Korosho inapita, shilingi inabaki wapi?

Msimu mmoja, Oktoba ikielekea ukingoni, nilikaa kwenye benchi nje ya ghala la chama cha msingi cha ushirika huko Tandahimba, mkoani Mtwara. Mama mmoja mtu mzima alinijia na karatasi ya malipo ya korosho zake, nadhani kwa sababu nilivaa miwani. "Mwanangu, nisomee hapa chini. Juu bei nimeiona. Hapa chini ndipo wanaponichanganya." Hapo chini palikuwa na makato: ushirika, ghala, usafirishaji, magunia. Nikawa namsomea mstari mmoja mmoja, naye kila mstari anauliza neno lile lile: "Hii inakwenda wapi?" Mistari miwili nilimjibu vizuri. Iliyobaki nilijikanyaga.

Mimi ni mchumi, na taasisi yetu kazi yake ni kuchambua sera za uchumi. Swali la yule mama ndilo sisi ofisini tunaliita maendeleo ya uchumi wa mkoa, na yeye aliliuliza kwa maneno matatu tu. Mali ikipita mkoani, kiasi gani kinabaki, na ni kanuni ya nani inayoamua kibaki?

Kusini hatujawahi kukosa mali ya kupita. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga, sehemu yake ikiwa Nachingwea. Kwa ajili yake ikajengwa reli kutoka pwani, na Mtwara ikajengwa bandari ya meli kubwa. Karanga zilikataa. Mradi ukafungwa mwaka 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikang'olewa, maana mzigo wa kuilisha haukuwepo. Bandari ilibaki, na ndiyo hiyo tunayoitumia leo. Nimeanza huko makusudi. Miundombinu inayojengwa kwa ajili ya bidhaa moja hufa na bidhaa hiyo, na ile inayosalia ni ile ambayo watu wengine wameipatia kazi.

Korosho ndiyo iliyokuja kuwa uti wa mgongo. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna kama tani 145,000, nyingi zikitoka kusini. Miaka kumi na mitatu baadaye, msimu wa 1986/87, hazikufika hata tani 20,000. Mikorosho haikuwa imekatwa, ilikuwa imesusiwa. Operesheni ya vijiji vya ujamaa ilihamisha watu mbali na mashamba yao, bei ya mkulima ikawa haifidii hata palizi, na ugonjwa wa ubwiri unga ukala maua. Ajabu ni kwamba wakati huohuo serikali, kwa mikopo ya nje, ilikuwa imejenga viwanda kumi na viwili vya kubangua, vyenye uwezo wa zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Viwanda vikakamilika, korosho zikapungua. Vingi vilifungwa, baadaye vikauzwa, na baadhi vikageuka maghala ya kuhifadhia korosho ghafi zinazosubiri meli. Ukipita mbele ya jengo la namna hiyo utaona lango la kiwanda, na ndani magunia.

Uhai wa zao ulirudi kwa mambo mawili. La kwanza ni watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, hapo hapo Mtwara, waliopata mbegu bora na namna ya kutumia salfa dhidi ya ubwiri unga. La pili ni soko. Mwaka 2007 mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza kutumika kwenye korosho: mkulima anapeleka mzigo chama cha msingi, unapimwa na kupangwa daraja, unaingia ghala kuu, unauzwa kwa mnada. Mfumo una kasoro zake na wakulima wamewahi kuugomea, hasa malipo yalipokuja kwa mafungu mafungu. Mimi bado nautetea. Aliyeona kangomba anajua kwa nini: mnunuzi anakuja mlangoni mwezi wa nane, njaa ikiwa ndani, anapima kwa bakuli na kulipa nusu ya bei ya mnada. Msimu wa 2017/18 uzalishaji ulipita tani 300,000. Oktoba 2024 minada ya kwanza ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo.

Lakini sehemu kubwa ya korosho hizo huondoka na maganda yake, kwenda India na Vietnam. Kila mwanasiasa anayepita kusini huahidi kubangua nyumbani, na kila mara nasikia sababu ya kutobangua ikitajwa kuwa ni uvivu, au hujuma. Sababu halisi ni kalenda na riba.

Msimu wetu huanza Oktoba na minada mingi huisha kabla ya Februari. Kiwanda kinachotaka kufanya kazi miezi kumi na miwili lazima kinunue chakula chake chote ndani ya miezi minne, kwa fedha taslimu, mara nyingi kikishindana na mnunuzi wa nje. Halafu kikalie mzigo huo mwaka mzima kikilipa riba ya benki. Mbanguaji wa Vietnam hana shida hiyo. Anachukua korosho za kwetu Oktoba hadi Januari, na zetu zikiisha zinaanza za Afrika Magharibi. Mashine yake hailali, na mkopo wake ni mfupi na nafuu. Kwa hiyo mkoa ukitaka ubanguaji, wa kushughulikia kwanza ni mtaji wa kununulia mzigo. Jengo na mashine ni sehemu rahisi, majengo tunayo tangu zamani.

Serikali ilishaweka chombo kimoja cha kusaidia: ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje, asilimia 15 ya thamani au dola 160 kwa tani, kinachozidi ndicho kinacholipwa. Wengi hudhani unalipwa na mgeni. Sehemu tu. Mnunuzi anayejua atatozwa bandarini hupunguza bei anayoitaja mnadani, kwa hiyo kiasi fulani cha ushuru huo hutoka mfukoni mwa yule mama wa Tandahimba kabla hajaona karatasi yake. Ndiyo maana lilikuwa jambo la haki kwamba asilimia 65 ya makusanyo ilirudi kuendeleza zao: salfa, miche, utafiti. Mwaka 2018 Bunge lilibadilisha sheria na fedha hizo zikaingia mfuko mkuu wa serikali. Mwaka huohuo wanunuzi walikuja na bei ya chini, serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300, Jeshi likasomba mzigo, na malipo ya wengi yakachelewa. Misimu iliyofuata uzalishaji ulirudi chini ya tani 250,000. Hali ya hewa nayo ilichangia, nisiseme uongo. Ila mkorosho usiopuliziwa salfa kwa wakati hausikilizi maelezo ya Hazina. Serikali ilipoanza tena kugawa pembejeo kwa ruzuku, mavuno yakapanda.

Bandari ni habari inayotia moyo zaidi. Kwa miaka mingi korosho zilipandishwa malori Mtwara zikasafiri hadi Dar es Salaam, zikipita mbele ya bandari iliyo karibu nazo. Kikwazo kikubwa kilikuwa ukosefu wa makontena matupu: meli haiji kuchukua mzigo mahali isipoleta mzigo. Gati jipya la mita 300 limesaidia, na msimu wa 2023/24 serikali iliagiza korosho zitokee Mtwara. Makaa ya mawe ya Ruvuma nayo yanashuka kupakiwa hapo. Tofauti utaiona kwa mama lishe wa karibu na lango la bandari na kwa vijana wa kupakia. Agizo hilo, hata hivyo, litadumu tu kama na sisi tutapitisha vitu vingine Mtwara, saruji itoke, mbolea na salfa viingie.

Gesi nitaisema kwa kifupi, imeshasemwa sana. Mwaka 2013 watu wa Mtwara waliandamana kwa kauli ya "gesi haitoki". Bomba likajengwa, gesi ikatoka. Kinachobaki wilayani kwa uhakika ni ushuru wa huduma, ambao kwa miaka mingi ulikuwa asilimia 0.3 ya mauzo. Kilwa wanaupata kwa gesi ya Songo Songo, Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara kwa ile ya Mnazi Bay. Ni kidogo, lakini ni fedha inayofika kwenye baraza ambalo diwani wako anakaa.

Na hapo ndipo narudi kwenye karatasi ya yule mama, kwa mstari ambao haukuwemo. Halmashauri hutoza ushuru wa mazao asilimia 3 kwa mazao ya biashara. Tuchukue gunia moja la kilo 80 kwa shilingi 4,000: ni shilingi 320,000, na ushuru wake shilingi 9,600. Halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Kwa hesabu ya haraka, kila gunia lina shilingi 384 za wanawake. Magunia 100,000 ni shilingi milioni 38.4.

Newala nimewahi kukaa na kikundi cha akina mama wanaobangua uani kwa mkono. Wanajipaka majivu viganjani ili mafuta ya ganda yasiwaunguze, wanagonga, wanachokoa, kiini kizima kinawekwa kando na kilichovunjika kando. Wanaweza kubangua mwaka mzima. Kinachowasimamisha ni Machi, korosho zinapokwisha nyumbani na za kununua hawana mtaji. Milioni 38 isiyo na riba, ikitoka Novemba wakati mnada uko wazi, inanunua kama magunia 118. Ikitoka Juni haina cha kununua.

Bajeti za halmashauri hupita kwa madiwani miezi ya mwanzo wa mwaka, wakati wakulima wengi wako kwenye mihogo na mbaazi. Mkutano mkuu wa kijiji, kwa sheria, ni kila baada ya miezi mitatu. Ule wa Desemba, malipo ya korosho yakiwa yanaingia, ndio wa kumuuliza diwani mambo mawili: mwaka huu ushuru wa korosho umeingia shilingi ngapi, na mkopo wa vikundi unatoka mwezi gani.