Mitishamba na bakteria sugu: dhana inayohitaji kurekebishwa

Imezoeleka kusemwa kwamba bakteria wanaweza kuizoea dawa ya hospitali, lakini ya mitishamba hawaiwezi. Dhana hiyo si sahihi. Kitunguu saumu kinapopondwa, harufu kali inayopanda puani ni dalili kwamba alisini, kemikali iliyotambuliwa mwaka 1944, imeanza kuundwa. Katika kisahani cha maabara huzuia bakteria wengi, hata baadhi ya walio sugu, ila ikishamezwa huvunjika upesi kabla ya kulifikia, kwa mfano, pafu lenye maambukizi kwa kiasi cha kutosha. (Kitunguu kilichochemshwa kizima hakiundi alisini ya maana.)

Tena bakteria wana pampu za kutoa sumu nje ya seli, iwe ya mmea au ya kiwandani. Berberini, kemikali ya kuzuia bakteria inayopatikana katika mimea ya jamii ya Berberis, hutolewa nje na pampu ya stafilokokasi, aina mojawapo ya bakteria. Ajabu ni kwamba baadhi ya mimea hiyohiyo hutengeneza kemikali nyingine inayoizuia pampu hiyo, kama ilivyoonyeshwa mwaka 2000. Hapo ndipo penye matumaini: dondoo la mmea kuisaidia antibiotiki, si kuchukua nafasi yake, ingawa usaidizi huo kwa sehemu kubwa ungali wa maabara.